Nailoni ya Makochi Yako

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kochi lako, lile refu la dirishani, na nailoni nimeitoa. Usinigombeze kwanza. Nisikilize, maana nimechoka na sina nguvu ya kubishana hata na marehemu.

Unakumbuka makochi haya yalivyoletwa? Kaka Elisha aliyatuma kutoka Kibondo juu ya lori, yakaingia Heru Juu yamejaa vumbi jekundu, lakini chini ya nailoni yalikuwa safi. Ukayazunguka ukiyagusa kwa kidole kimoja. Baba akataka kuichana ile nailoni, ukamshika mkono. "Yewe, acha! Wageni wakija je?" Basi ikabaki. Ukafuma vitambaa vyeupe, ukavitandika juu ya nailoni, vikawa vinateleza kila mtu akikaa, nawe ukawa unaviokota na kuvirudisha. Sisi tulikula jikoni, tukacheka jikoni, tukaota moto jikoni asubuhi za baridi, na sebule ikafungwa kwa komeo ikisubiri watu. Wewe mwenyewe nilikuona umeyakalia siku ya kupiga picha tu, tena ukingoni, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Siku uliyolala sebuleni ulikuwa ndani ya jeneza. Makochi yalitolewa nje kupisha nafasi, yakafunikwa turubai kwa ajili ya mvua, na wageni uliowatunzia miaka yote ile wakakaa chini kwenye mikeka. Niliyaona hayo, Mama, ila sikuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa ni Baba. Miguu imemgomea tangu masika. Alikuwa analala kile chumba cha nyuma, chenye kidirisha kinachotazama ukuta wa choo, na hata mchana tuliwasha taa ili aione chai yake. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani kumwangalia. Namgeuza, namwogesha, nafua mashuka, napika, kisha nakaa kwenye cherehani kushona mapazia ya watu. Akikohoa tu naacha kila kitu. Sisemi haya ili nilalamike. Au nalalamika, Mama. Nani mwingine atanisikiliza?

Wiki iliyopita kikundi chetu cha mafundi wa kushona kilialikwa Kasulu mjini kumsikiliza dada mmoja anayepamba nyumba na hoteli huko Dar es Salaam. Ni mtoto wa huku kwetu, wa Kitahana, amefanikiwa mpaka anaonekana kwenye televisheni. Nilimwomba jirani akae na Baba, nikapanda bodaboda. Nilitegemea kusikia habari za rangi na vitambaa, nirudi na mtindo mpya wa kuvutia wateja. Yule dada akasimama, viatu vyake vina udongo wetu, akasema kwamba mteja akimwita hapimi chochote. Anakaa kwanza chumbani, anatazama mwanga unaingilia wapi na watu wanapitia wapi. Kisha anauliza, "Humu ndani aliyechoka kuliko wote ni nani?" Huyo ndiye anayepewa mahali pazuri kuliko pote. Mgeni, alisema, atakaa popote, kwa sababu mgeni ana kwake.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akaguna. "Huyu kwao hawakumfundisha heshima?"

Yule dada alimsikia, akacheka. "Walinifundisha, mama yangu. Mpaka leo kwetu Kitahana kuna makochi ambayo sijawahi kuyakalia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana kila mmoja alikuwa na yake nyumbani. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu hayakukoma, nikasingizia vumbi.

Niliporudi nilimkuta Kaka Elisha amekuja kumjulia hali Baba. Nikamwambia nataka kitanda kihamie sebuleni, chini ya lile dirisha kubwa. Akashtuka. "Sebuleni? Na wageni watakaokuja kwenye kumbukumbu ya Mama tutawaweka wapi?"

Unaona? Bado ni wageni wako. Nikamwambia wageni wanakuja siku moja, Baba yuko kila siku, na hatujui amebakiza ngapi. Sikupaza sauti. Sikuwa nayo. Kaka akainama, akashika kitanda upande wa miguuni. "Haya, shika huko," akasema.

Ungemwona Baba! Mwanga ulipompiga alifumba macho, akayafumbua taratibu, akaliona shamba lako la maharage na njia mpaka barabarani, watu wanapita wanampungia mkono. Kisha akanong'ona, "Mama yenu atagomba." Nikamsimulia habari za yule dada na swali lake, nikamwambia ndiyo maana tumemleta pale. Akafikiri. Akaliacha dirisha, akageuza kichwa kunitazama mimi.

"Basi mmekosea mtu," akasema. "Toa nailoni ya hilo kochi. Ukae."

Niliichana kwa mkasi wangu wa kazi. Kitambaa chake bado ni kipya, Mama, kinanukia duka. Nikasema nitakaa kidogo tu. Nilipozinduka, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, maharage yameungua jikoni, na Baba yuko kitandani pake na fimbo yake, anafukuza kuku mlangoni bila kutoa sauti wasije wakaniamsha. Alikuwa amenifunika kwa kitambaa chako kimoja cha kufuma, kile ambacho mkono wake uliweza kukifikia. Kilitosha bega tu.

Pumzika, Mama. Wageni wakija watakaa kwenye mikeka, si walishazoea. Hapa kwenye kochi pana mtu.

Ni mimi,
kitindamimba wako.