Dagaa ndani ya kiroba

Alhamisi, Mchinga. Mawingu tangu alfajiri. Mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Moyo wangu uko hivyo hivyo.

Asubuhi nilikwenda dikoni, mashua zinakoegeshwa, kununua samaki. Nyuma ya mabanda ya wakaanga samaki nikaona kiroba kimefungwa kamba, kinatikisika. Ndani mlikuwa na watoto wa paka watatu. Mmoja alikwishakufa kwa joto. Chini yao kulikuwa na dagaa wakavu, konzi nzima.

Hao dagaa ndio walionikaa moyoni kutwa.

Aliyewatupa si katili. Amewafungia masurufu ya safari. Huku kwetu watu wanaogopa dhambi ya kumuua paka, kwa hiyo paka akizaa nyumbani, watoto hutiwa kirobani, kiroba kikazungushwa ili wasijue njia ya kurudi, kikaletwa dikoni. "Watakula matumbo ya samaki," husema, na kurudi nyumbani roho nyeupe. Kila nyumba hudhani ni yenyewe tu.

Sasa diko limejaa paka wenye macho yanayotoka usaha na majike waliokonda wakiwa na mimba. Bi Somoe, ambaye wakaanga samaki wenzake humsikiliza, alinikuta nimechutama.

"Shikamoo, Bwana Mifugo. Na wewe umetuletea?"

"Marahaba. Nimewaokota."

"Basi waokote wote, kaka. Jumamosi tunatega sumu. Wateja wanatukimbia, nami nina wajukuu."

Nimestaafu zamani, ila jina la kazi halijastaafu. Nilimweleza taratibu, kama nilivyozoea kuwaeleza wafugaji. Sumu italiwa na kuku wa watu pia. Paka wakiisha, viroba vitaendelea kuja, na panya watasherehekea kwenye magunia ya korosho. Dawa ni kufunga uzazi wa majike, kuhasi madume, na kuwamwagia matumbo ya samaki mahali pamoja, mbali na majiko. Zaidi ya yote, tuache kuwatupa.

Alinisikiliza huku akigeuza samaki kikaangoni.

"Maneno matamu. Daktari yuko wapi?"

Mikono yangu inatetemeka siku hizi, haifai tena kushika kisu. Nikampigia simu daktari wa mifugo aliyeko Lindi. Amesema atakuja Jumamosi akipata usafiri.

"Tutamngoja," alisema Bi Somoe. "Jua likizama hajaja, usije kunilaumu."

Kisha akanisukumia tenga tupu la samaki niwabebe humo wale wawili.

Yule aliyekufa nimemzika nyumbani kwangu, nyuma ya jiko. Wenzake wamelala ndani ya tenga, mmoja juu ya mwingine.

Imamu amenikubalia niseme machache kesho baada ya sala ya Ijumaa. Ninaogopa, nikiri. Napenda kueleza mambo, na maelezo marefu ni mahali pazuri pa kujificha. Neno lenyewe ni fupi: huruma yetu inaua. Nitawaambiaje watu wema, majirani zangu, bila kuwavunjia heshima?

Labda nisianze kwa maneno.

Dagaa sijawamwaga. Kiroba nimekitundika ukutani, nao wamo. Kesho nitakifungua nje ya msikiti, kila mtu atazame alichowafungia paka wake.