Majani ya Karonga Yalikuwa Kweli

Mpwa wangu Tusekile,

Nimekaa kibarazani kwangu hapa Uyole, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na soksi nimevaa mbili mbili kama unavyonijua. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuache kule Nyololo, kwenye udongo mwekundu ng'ambo ya barabara. Barua hii naiandika wazi, anayetaka aisome. Mwandiko usiucheke. Darasa la saba nililimaliza, la sita nililipenda sana mpaka nikalirudia.

Kwa wasionijua: mimi ni kaka wa mama yake huyu mwalimu, dereva wa malori kwa zaidi ya miaka ishirini, na hajazaliwa mwingine aliyeshuka mteremko wa Kitonga kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unamenya chungwa. Wewe ulikuwa mtu wa kuandika kitu ubaoni mara moja, kwa usahihi, bila kufuta. Sijui tulipatanaje sisi wawili. Lakini tulipatana.

Nakumbuka jikoni kwa mama yako. Kila nilipopita na mzigo nilipaki lori kando ya barabara, nikateremka na mchele wa Kyela begani, nikakaa karibu na moto kuliko paka. Wewe unamenya viazi, mimi namwaga habari. Nilikueleza kuhusu kiboko wa Mto Songwe aliyenisukumia lori likatoka kwenye tope, nami nikamlipa kabichi. Nilikueleza ukungu wa Mlima Nyoka ulivyokuwa mzito siku moja, nikashuka na panga nikaukata ili gari lipite. Mama yako alikuwa anasonya, anasema kaka yangu huyu chumvi itakuja kumwua. Wewe ulikuwa hucheki haraka. Ulikuwa unaweka kisu chini, unaniangalia, unauliza, "Mjomba, hiyo ya nyumbani au ya barabarani?"

Ya nyumbani maana yake kweli. Ya barabarani maana yake imetiwa chumvi. Ukiniuliza hivyo nilikuwa nakujibu sawasawa. Kwenye hadithi nilikuwa nadanganya, kwenye jibu sikuwahi kukudanganya hata mara moja, mpaka siku ile ya mkutano.

Habari ya Karonga nilikusimulia mvua inanyesha, mahindi yanachemka. Nilikwambia kwamba kule Malawi, ukiona matawi yenye majani yamelazwa kwenye lami, usifikiri ni gari bovu kama kwetu. Kule, majani barabarani ni msiba. Kila gari linapunguza mwendo. Na kama jeneza limeshatoka nyumbani, magari yanakaa pembeni, injini zinazimwa, abiria wananyamaza mpaka watu wapite. Awe na lori la bia, awe mheshimiwa, awe na baiskeli, wote wanasimama. Nikaongeza kwamba mimi mjomba wako, mara tu nilipoyaona majani yale, akili yangu ikanituma. Nikasimama, nikashuka, nikavua kofia, na wazee wa Karonga wakasema huyu Mtanzania amelelewa.

Ukaweka kisu chini, ukaniuliza swali letu. Nikajibu majani yale ni ya nyumbani, kabisa.

Ukauliza, "Yaani barabara nzima inasimama kwa ajili ya mtu mmoja?"

Nikakwambia nchi yenyewe ndogo, unaimaliza kabla chai ya kwenye chupa haijapoa, kwa hiyo hawana haraka ya kwenda popote. Ukasema, "Basi sisi wakubwa ndio tungeanza, mjomba. Tuna barabara ndefu zaidi na misiba mingi zaidi." Nilicheka. Wewe hukucheka.

Halafu baba yako akafa. Nyumba yenu iko chini ya barabara, makaburi yako juu yake, na katikati hapo ndipo inapopita mizigo ya Zambia na Kongo na ya kwetu wenyewe. Tulisimama na jeneza mabegani, kwaya inaimba, honi zinaumeza wimbo. Basi moja likapita kwa kasi, upepo wake ukanyanyua kitambaa cha msalaba kilichofunika jeneza, kikaangukia mtaroni. Uliingia mtaroni na gauni lako jeusi ukakiokota. Mwisho shemasi akaona mwanya, akasema sasa, twendeni, na tukamvusha baba yako mbio, jeneza linayumba, kama watu walioiba kitu. Mama yako kiatu kimoja kilibaki kwenye lami. Hatukurudi kukichukua.

Sisemi madereva wetu hawana utu, mimi ni mmoja wao. Wapo wanaosimama. Tatizo ni kwamba ukisimama peke yako, wa nyuma anadhani umeharibikiwa, anakupita, na hapo ndipo anapoua mtu. Kusimama kunataka watu wote wamekubaliana kabla. Wamalawi walikubaliana. Bandari hawana, vitu vyao vingi vinapitia kwetu, na sisi tunajisifu kwa hilo. Lakini sisi ni hodari wa kupitisha. Wao wanajua kupisha.

Hayo nayasema leo. Nilitakiwa kuyasema siku ya mkutano wa kijiji.

Ulisimama wewe, mwalimu, na karatasi yako mkononi. Ukaomba kijiji kikubaliane kwamba kukiwa na msiba yatawekwa majani barabarani pande zote mbili, na kwamba bodaboda wetu wawe wa kwanza kusimama, na barua ipelekwe kwa wenye malori na mabasi. Watu walikuwa wanakusikiliza, nakwambia. Hata wale wa nyuma waliokuja na pombe ya ulanzi waliiweka chini. Mwenyekiti akauliza umelitoa wapi jambo hilo. Ukasema, "Kwa majirani zetu Malawi. Mjomba wangu ameliona kwa macho yake, na yuko hapa."

Mwenyekiti akageuka akanitafuta. Akauliza kama ni mjomba yuleyule aliyesukumiwa lori na kiboko. Watu wakaangua kicheko. Fundi baiskeli mmoja akadakia, akasema majani barabarani kila dereva anajua ni gari bovu, ukiyaweka atapiga honi na kupita kwa hasira, mtaongeza maiti ya pili juu ya ya kwanza. Mwenyekiti akasema hoja nzuri, basi mjomba atueleze, siku hiyo yeye alijuaje kwamba ni msiba?

Tusekile, jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Lingemaliza ubishi wote. Lakini lilikuwa linanivua nguo mbele ya watu. Nikacheka nao. Nikasema, "Ah, mwenyekiti, yale ni mambo ya barabarani tu."

Wengine walisikia maneno ya kawaida. Wewe ulisikia ulichosikia. Uliikunja karatasi mara mbili, ukakaa. Nyumbani hukunigombeza, uliniletea chai, ukaniuliza kama mgongo umepona. Ila kuanzia siku ile hukuniuliza tena hadithi zangu ni za wapi. Nikisimulia, ulisema, "Sawa, mjomba," na kisu kinaendelea kumenya.

Sasa nisikilize. Siku ile Karonga sikujua kwamba ni msiba. Hakuna akili yoyote iliyonituma. Nilikuwa na sabuni na mafuta ya kupikia, nimechelewa, nikaona majani kwenye lami. Nikasema gari bovu. Macho yakatafuta lori lililokufa, sikuliona. Nikakasirika, nikasema hawa ni walewale wanaomaliza kutengeneza wakaondoka bila kuondoa majani yao. Nikakanyaga mafuta, nikabana honi, nikaingia kwenye kona.

Walikuwa wamejaa barabarani. Watu waliruka kwenye mahindi kushoto na kulia. Waliobeba jeneza hawakuweza kuruka, kwa hiyo walipiga magoti, wote sita, ili lisiwaponyoke. Lori likasimama nikiwa naona misumari ya jeneza kupitia kioo.

Sikupigwa. Heri ningepigwa. Akaja mama mmoja mzee, ndiye mwenye mtoto aliyekuwa ndani ya lile sanduku. Kule wanasema Kingonde, ni kama Kinyakyusa chetu, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Baba, kwenu watu hawafi?"

Nilizima injini. Nikashuka, nikalifuata jeneza nyuma ya watu. Hakuna aliyeniambia nifanye nini, ila nilipofika makaburini mzee mmoja alinipa jembe, nikamfukia pamoja na wenzangu mtu ambaye nilikuwa karibu kumuua mara ya pili. Baadaye walinipa sima, ugali wao, wakanishukuru kwa kushiriki. Wakanishukuru, Tusekile. Nilifika mpakani bila kusimulia mtu yeyote, na wewe unajua mimi kukaa na habari bila kuisimulia ni ugonjwa.

Kwa hiyo fundi baiskeli alikuwa sahihi, na wewe ulikuwa sahihi zaidi. Dereva mgeni atadhani ni gari bovu. Mimi nilidhani hivyo. Na kunifundisha kulichukua mchana mmoja tu, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinajua lile jani maana yake nini. Hilo ndilo ningesema. Nilichagua kubaki yule mwanaume wa kwenye hadithi.

Ulipougua sikujua kwamba ni ugonjwa wa kuondoka nao. Mama yako alinipigia akasema Tuse amelazwa, nikamwambia mwambie nakuja Jumamosi na mchele. Nilikuja Ijumaa, bila mchele, kwa sababu jeneza lilikuwa limeshanunuliwa.

Siku ya kukuzika nilikata matawi ya miti ya milingoti nyuma ya nyumba, nikayalaza kwenye lami upande wa Makambako na upande wa Mafinga. Nikasimama katikati na koti langu la harusi. Lori la kwanza likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa dirishani. Kijana wa watu, mstaarabu tu. Akaniuliza, "Mzee, gari bovu liko wapi?"

Nikanyoosha mkono mahali ulipokuwa umelala mabegani mwa wanafunzi wako wa zamani. Alizima injini, akavua kofia. Lakini wa nyuma yake hakujua, akabana honi, akalipita kwa kasi, na wabebaji wakarudi hatua mbili nyuma na wewe. Ndivyo ulivyovuka. Nusu kwa heshima, nusu kwa mbio.

Juma lililopita niliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Nilipanda basi kutoka Uyole mpaka Nyololo, na kwenye basi sikusema na mtu. Niliposimama walianza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, si wananijua. Nikasimulia Karonga yote kama nilivyokuandikia, honi, magoti, swali la yule mama. Kiboko hakuwemo. Wachache walicheka mwanzoni, halafu wakakaa wanasubiri sehemu ya kuchekesha. Haikuja. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kwa nini sikusema mwalimu alipokuwa hai. Nikamwambia niliona aibu.

Fundi baiskeli aliandika jina lake kuwa wa kwanza kuweka majani. Bodaboda wanne walikubali, wengine walisema wataona. Kuhusu malori na mabasi, wamesema barua itaandikwa. Mimi najua barua za vijiji. Huenda itafika, huenda isifike, na huenda nikafa mimi na nikavushwa mbio pia. Mama yako alikuwa amekaa mbele, hakuniangalia mpaka mwisho, na aliponiangalia hakusema kitu. Hiyo nimeipokea. Ni haki yake.

Walipotawanyika, mwanafunzi wako mmoja wa siku zile, sasa ni mama wa watoto wawili, alinifuata akaniambia kwamba baada ya mkutano ule wa kwanza ulirudi darasani ukakaa na kuwaambia watoto kwamba mtu mzima akikosea kusema, msimcheke, huenda kuna kitu kinamuuma. Hukunitaja jina. Nimelifikiria hilo kuliko nilivyofikiria jambo lolote barabarani miaka yote hii.

Ulisimama mbele ya watu ukasema kweli, Tusekile, na mimi nilikuwa benchi la pili nikijua kwamba unasema kweli. Sina njia ya kulibadilisha hilo.

Pumzika, mwalimu wangu.

Mimi, kaka wa mama yako,
mjomba.