Msimamizi wa Kasaine

Alhamisi, 12 Aprili 1934

Mvua siku ya tatu! Maharage ya mke wangu, Mama Reginald, yameinua vichwa. Watu wa huku mlimani wanasema ni kwa ajili ya yule kondoo mweusi waliyemchinja wazee wa tambiko. Mimi nasema ni Mungu na majira yake. Nasema kwa sauti kubwa mno — mke wangu ameniambia nipunguze.

Basi niandike hapa, pasipo msomaji. Wiki iliyopita wazee hao walitafuta asali ya kutengenezea pombe ya tambiko. Ukame huu wote, mwenye mizinga yenye kitu ni mimi peke yangu. Nilikataa. Mwalimu wa misheni achangie tambiko! Ila nilisema kibuyu cha asali kiko nje, kando ya mlango, na mimi naenda shambani. Niliporudi hakipo. Sikutoa. Nilikiacha tu.

Aliyekibeba ni mzee Kasaine.

Jumapili, 15 Aprili

Sakaya, mzee wa kanisa, amenisimamisha baada ya ibada. Nimechaguliwa kuwa msimamizi wa Kasaine: nimfundishe mpaka Pentekoste, nimshike mkono siku ya ubatizo, nimjibie mbele ya wazee wa kanisa. Miaka mitatu mzee huyu amekaa benchi la nyuma kama mpita njia. Nimefurahi kweli. Nimemleta mbele, nikamwonyesha lini kusimama na lini kukaa. Anasimama wenzake wakikaa! Nimecheka, naye akacheka, mpaka kikohozi kikamkatiza.

Nilimwuliza anatafuta nini kwetu. Binti yake Nanyori alibatizwa, akafa mwaka jana kwa uzazi. Anataka kufika alipo yeye. Hana hoja nyingine. 

Jumatano, 25 Aprili

Somo la maungamo. Nimefundisha vizuri — laiti ningefundisha vibaya! Nimesema mbele za Mungu hakuna kilichofichika. Wazee wa kanisa wakiuliza, mtu aseme yote, hata lililo dogo.

 Kasaine akasema, basi atawaeleza habari ya mvua. Kwamba alikula nyama ya yule kondoo. Kwamba alibeba asali ya mwalimu.

"Asali ya nani?" nikauliza, kama mjinga.

"Yako, Mwalimu. Tutasema pamoja. Si utakuwa umesimama pale pale, kando yangu?"

Hakuna ubaya hata chembe usoni mwake. Anadhani ananisaidia!

Ijumaa, 27 Aprili

Nimejaribu. Nimemwambia, mzee wangu, yaliyopita si ndwele. Akasema haya hayajapita, ni ya mwezi huu huu. Nikamwambia labda ataje kondoo, asali aiache. Akanitazama kwa huruma.

"Unaogopa, Mwalimu?"

Nikasema siogopi. Akaridhika. Ameuza mbuzi, amekwenda mjini dukani kwa Prakash kununua kitambaa cheupe cha kanzu ya ubatizo. Amenifungulia nikiguse. Nimekigusa. Nimesema kizuri.

Alhamisi, 3 Mei

Mama Reginald anasema niende kwa Mchungaji nikaseme mwenyewe, kabla sijasemewa. Rahisi kwake! Ndesanjo, mwalimu aliyenitangulia, alikutwa na pombe, kibuyu kimoja tu. Kabla ya Jumamosi alikuwa njia ya Usa River, kitanda kichwani, mke nyuma na kuku. Nyumba hii ni ya misheni. Shule ni ya misheni. Hata mizinga yangu imetundikwa kwenye miti ya misheni. Kwetu Machame kihamba, shamba la ukoo, ameshika kaka. Niende wapi? Nimekuwa mbuzi wa kamba: nazunguka, nazunguka, kamba inafupika.

Nimemweleza mke wangu hayo yote. Akaendelea kupepeta mahindi.

"Kwa hiyo mzee wa watu ndiye atakayebeba tena," akasema.

Nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu ni kweli. Hatujasemezana tangu mchana.

Jumamosi, 5 Mei

Sakaya ameniagiza niandike majina ya watakaohojiwa kesho baada ya ibada, yabandikwe mlangoni pa kanisa. Mwandiko wangu ndio unaosomeka. Watu watano.

Nimeandika wanne.

Si kumkataa Kasaine. Ni kumchelewesha. Atabatizwa Krismasi, nikishapata namna ya kumweka sawa. Sakaya akiuliza nitasema mzee bado hajaiva, na msimamizi ndiye amjuaye mtu wake. Atanisadiki. Hilo ndilo baya, kwamba atanisadiki.

Krismasi si mbali. Kile kikohozi — lakini wazee kama yeye ni wagumu.

Jumapili, 6 Mei

Niko darasani peke yangu. Nimesema nafuata kitabu.

Baada ya ibada watu walijaa mlangoni kutazama majina. Kasaine hajui kusoma. Macho yake yalikuwa yameshazeeka alipokuja kwetu. Akanishika mkono kama mtoto, akanivuta mpaka kwenye karatasi.

"Mwalimu, nionyeshe. Mimi niko wapi?"

Watu wote wale! Nikaweka kidole juu ya jina la Nashipae, mmoja wa wale wanne.

Akaweka chake pale pale. Akalipapasa jina, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Akasema, kumbe mimi mrefu hivi. Nashipae mwenyewe alikuwa nyuma yetu, na anasoma vizuri, nimemfundisha mimi. Alinitazama. Halafu akatazama chini.

Naandika huku nachungulia dirishani. Wamekaa watano kwenye benchi nje ya sakristia, chumba cha kanisa wanamohojiwa. Kasaine amevaa nguo mpya, ameweka mikono magotini. Kando yake ameacha nafasi. Yangu.

Sakaya anatoka na karatasi, anaita mmoja mmoja. Wa kwanza ameingia. Wa pili. Nashipae ameitwa, amesimama, amegeuka kumtazama mzee, akafungua mdomo — Sakaya akamhimiza, akaingia.

Mlango wa darasa uko hatua tatu kutoka nilipo. Hakuna aliyeufunga. Nami bado naandika!

Wa nne ameingia.

Kasaine amebaki peke yake. Anageuka huku na huku, ananitafuta. Sasa ameinuka. Nilidhani anaondoka. La — amesogea mwisho wa benchi, karibu na mlango, ametega sikio, asikie vizuri akiitwa.