Aliyelala Chini ya Jina Lako

3 Machi

Mdogo wangu,

Basi nilipoishia barua iliyopita, karani wa mji alikuwa anamfukuza mama cherehani ofisini. Lakini salamu kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila mama miguu imevimba kama mito ya kulalia. Mdomo wake sasa, mzima kuliko sisi sote!

Ehe. Mnara wa mashujaa umepata ufa, wanauchonga upya. Mama cherehani, yule mama yake Mapengo rafiki yako, kusikia hivyo akaenda kuomba jina la mwanawe liongezwe. Karani, kitambi kikitangulia kama mgeni rasmi, akamjibu: "Mama, sheria unaijua. Bila mifupa hakuna jina." Miaka ishirini na mbili jibu hilohilo! Mpaka leo mlango wa yule mama hautiwi komeo, eti mtoto akirudi asihangaike kubisha hodi.

Mimi nafagia pale kila asubuhi, na jina lako nalipangusa vumbi. Tangu uandike kwamba u hai, nalipangusa huku nacheka. Marehemu gani anaomba atumiwe sweta! Lakini juzi kicheko kilinikauka. Nimekumbuka lile sanduku walilotuletea wakati ule kutoka vitani: lilikuwa limepigiliwa misumari, na kibati chako cha jeshi, kile cha shingoni chenye jina, walitukabidhi mkononi. Tukalizika mbele ya mnara pamoja na masanduku ya wenzako, nayo yamepigiliwa vilevile, mama akazirai. Mle ndani tulimzika nani?

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua bado. Mpe mama pole ya miguu.

Umeuliza, nakujibu. Ni Mapengo. Alipigwa risasi ya tumbo tukiwa wawili shimoni, akafa akiniomba maji ambayo sikuwa nayo. Nilikuwa nimeshaamua kutoroka. Nikamvua kibati chake, nikamvisha changu, wasinitafute. Chake nilikitupa mtoni. Mama yake sikumuwaza. Niliwaza miguu yangu tu.

Dada, mdomo wako naujua. Hii imeze. Wakijua nilitoroka, sirudi tena huko, na mama atazomewa mpaka kaburini.

Mdogo wako

11 Agosti

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? U mzima lakini? Pole na kimya changu, na pole kubwa zaidi: mama hatunaye. Tumemzika Alhamisi. Hakuteseka sana.

Mimi, ambaye siri haijawahi kulala kwangu siku mbili bila kufika bombani pamoja na ndoo, hii nimeimeza miezi mitano. Nimekonda, watu wanadhani nimepata mchumba! Mama alinibana nikamwambia yeye peke yake. Akasema, "Ngoja nife kwanza." Siku ya kuweka maua mnarani akakaa kiti chake cha mbele, cha mama wa shujaa, kama kawaida, mama cherehani kasimama nyuma juani. Mama hakugeuka hata mara moja.

Na aliyekuja kumwosha mama ni nani? Huyohuyo. Sanda kashona yeye, na senti hakutaka. Leo asubuhi nimekwenda kumshukuru, nikamkuta anashona. Akaniambia, "Mwenzangu kamfuata mwanawe. Mimi nikifa, wangu nitamtafutia wapi?"

Mdogo wangu, nilishindwa. Nimemwambia yote, na wewe nimekutaja.

Hakulia. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Akauliza, "Kichwa kiko upande gani?"

Nikasema, "Upande wa posta."

"Walimlaza chali?"

"Sijui, mama. Sanduku hatukulifungua."

Akachukua jembe nyuma ya mlango, akatoka. Nikamwita, akazidi kukaza mwendo kuelekea mnarani.

Sasa usije. Usithubutu! Nimekimbilia kalamu upate kuhama hapo ulipo, maana karani akisikia, barua ya jeshi itakufikia kabla ya hii. Unichukie ukitaka, lakini yule mama nisingeweza tena kumtazama

Huyo fundi baiskeli wa jirani anapiga kelele dirishani: "We mfagiaji! Toka na funguo za geti la mnara! Wanawake wamesikia, wamefika tisa na majembe, kila mmoja anataka kumhakikisha wa kwake!" Ngoja