Goti Aliloliacha Kanisani

Kwa dada yangu Lydia, huko Madogo,

Bwana asifiwe. Huku kijijini Wema tu wazima kiasi. Maji ya mto yameshuka na mahindi yameota.

Umeuliza habari za goti la shemeji yako Philemon. Yule Jaafar anayetibu viungo kwa mikono pale Garsen alilishika, akausukuma mfupa polepole mbele na nyuma mpaka maumivu yakapungua. Akamwambia, "Mzee, goti sijalitengeneza. Mishipa ya fahamu imepeleka habari nyingine kwenye ubongo, nao ubongo ukatuliza maumivu. Yatarudi, nawe urudi."

Philemon hakungoja. Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amemponya, akaiacha fimbo yake ya kutembelea madhabahuni. Vigelegele, dada!

Maumivu yalirudi kabla hatujamaliza kupanda. Sasa asubuhi anatambaa mpaka mlangoni, na watu wakipita anajisimamisha. Nikimwambia turudi kwa Jaafar ananiuliza, "Everline, unataka waseme Mungu ameshindwa?"

Jana kina mama walimleta Mama Griffin, mgongo umepinda, aje asikie ule ushuhuda. Philemon akausimulia wote, ameshikilia nguzo ya nyumba. Mama Griffin akafuta machozi, akasema basi yeye naye kwa Jaafar haendi tena. Nikamtazama mume wangu, nikingoja aseme neno.

Akasema, "Amina."

Nami nikaitikia, dada. Niombee wewe, kwa maana siku hizi nikifumba macho kuomba sipati maneno.

Mdogo wako,
Everline