Dada, Posa ya Nasra Imekubaliwa

Dada Mwanaidi,

Barua zote nilizowahi kuandika nilianza kwa kuuliza hali. Hii nimekaa nayo hapa mezani mpaka chai imepoa, sijui nikuulize nini. Hali yako naijua. Mimi ndiye niliyekushika upande wa kichwa siku ile makaburini, na udongo wa huku kwenye nchi ya kangaruu mgumu kama tofali, nikalifukia kaburi peke yangu mpaka wanaume wenzangu wakaweka sepeto chini kunishangaa.

Haya. Tulifukia tukiwa wengi.

Unaona? Hata hapa nakungoja useme. Nikifungua mdomo mbele ya watu, wewe ulikuwa unapaza sauti kutoka jikoni, "Mtoeni nusu huyo!" Watu wanacheka, mimi nacheka, hadithi inabaki na ukubwa wake wa haki. Tangu uondoke hakuna wa kunitoa nusu. Uongo wangu unatembea mtaani hapa Merrylands mzima mzima na watu wanauamini. Juzi kinyozi kaniita "Kapteni", kwa sababu nilimwambia lile ghala la St Marys bila mimi linafungwa. Ungekuwepo ungemwambia, huyu anaendesha foklifti tu, anainua maboksi ya sabuni. Nilikaa kwenye kile kiti na kitambaa shingoni, macho yakanijaa. Kinyozi akadhani nywele zimeniingia.

Nakuandikia habari ya mwanao. Nasra anahama Jumamosi.

Nikueleze taratibu, maana uliondoka kabla ya mambo haya. Unajua alikuwa daktari mdogo pale hospitali ya karibu, ile ile uliyolazwa mwisho. Sasa ili awe daktari bingwa wa watoto, lazima hospitali imchukue imfundishe miaka. Madaktari wanazipanga hospitali, hii ya kwanza, hii ya pili, na hospitali nazo zinawapanga wao. Mkubwa wake mmoja kazini akamwambia, "Ile unayoitaka kuliko zote, iandikie. Iambie waziwazi kwamba ndiyo ya kwanza kwako. Lakini maneno hayo unaiambia moja tu, huwezi kuyasema kwa mbili."

Nasra aliponieleza nilisimama, Dada. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni barua ya posa! Umeileta kwa mwenyewe, mwenye kazi yake." Nikamwambia nimekuwa mshenga wa ndoa arobaini Tanga nzima, toka Chumbageni mpaka Pongwe, na hakuna posa yangu iliyowahi kurudi. Toa nusu. Toa zaidi. Zilikuwa mbili, na moja ilirudi.

Alikuwa ameshaandika mwenyewe, akanisomea. Weee! Mtoto umemlea vizuri kupita kiasi. Kila mstari samahani, kila mstari kama hamtajali, mkiona inafaa, mkipata nafasi. Kazaliwa huku, Kiswahili anasikia lakini anakujibu Kiingereza, ila adabu yako imemkaa mle ndani: mtu hasemi "nataka" mbele ya wakubwa. Mkubwa wake alikuwa ameisoma akamuuliza, "Sasa wewe unawataka au huwataki?"

Nikavuta kiti. "Andika: Tumeona ua katika bustani yenu, tunaomba kulichuma."

Akaniangalia. "Anko, wao ndio wanaochuma. Mimi ndiye ua."

"Basi wewe ni bibi harusi, mbona unaandika barua mwenyewe? Umewahi kuona wapi?"

"Anko, plizi."

"Na leso iko wapi? Barua haiendi mikono mitupu. Inafungwa kwenye leso safi, na noti ndani."

"Hiyo ni rushwa, Anko! Nitafukuzwa kazi kabla sijaipata!"

Akacheka, Dada. Tangu tukuzike hakuwahi kucheka. Akacheka ile ya kwako, inayoanza puani halafu inakatika kama mtu kakanyaga maji ya baridi. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba. Nikarudi nikasema nilikuwa natengeneza koki.

Nilipokaa tena akaigeuza kompyuta nione. Unajua shule yangu iliishia wapi, usiwatangazie huko uliko, lakini jina la hospitali naweza kulisoma. Halikuwa jina la hospitali yetu. Ilikuwa ile ya mji mdogo huko ndani, nyuma ya milima, kutwa nzima kwa gari, kwenye ngano na ng'ombe. Na mimi nilikuwa nimeshawaambia Merrylands yote kwamba anabaki hapa hapa, atakuwa mkubwa wa wodi, wakiumwa waje kwangu kwanza.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema polepole, kwa Kiingereza chake ambacho kwangu anakipunguza mwendo: "Lifti ikifunguka ghorofa ya Mama, Anko, bado natafuta mtandio wake wa kijani."

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe sipiti barabara ile ya hospitali. Nikienda Bankstown nazunguka nje kabisa, na nawaambia watu kuna mashimo, serikali imenishauri nisipite.

Basi nikafanya kazi ya mshenga. Nikamwambia futa yote, posa haina labda. Andika: Ninyi ndio wa kwanza kwangu. Hakuna mwingine niliyemwambia hivi. Mkinikubali, naja. Akaandika. Kwa Kiingereza ilikuwa fupi kama risiti. Akabonyeza, ikaenda. Mimi huyo, kwa mdomo wangu mwenyewe, nimemposea mtoto wetu mbali.

Halafu wakanyamaza.

Wiki ikapita na nyingine. Simu yake akawa anailaza kando ya sahani, uso juu, kama mgonjwa anayeangaliwa. Mimi nikakumbuka posa yako. Unakumbuka? Barua ya Bakari imeletwa, wazee wamekaa barazani, baba kakufuata jikoni, nami niko mlangoni. Akakuuliza, "Mwanaidi, umeridhia?" Kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu umeinamisha kichwa, kimya. Baba akatoka akawaambia wazee, "Mtoto ameridhia." Mimi nikakimbia kuwatangazia majirani. Usiku wa harusi ndipo ukaninong'oneza: "Hamza, mimi nilikuwa na kaimati ya moto mdomoni. Ningesemaje?"

Na ukakaa na Bakari mpaka ulipomzika, na kila mkigombana ulimwambia hukumkubali wewe, ilikubali kaimati.

Kwa hiyo nikamwambia Nasra, "Usilie. Wamenyamaza? Wameridhia." Na kwa kuwa hukuwepo kunizuia, nikaenda kutangaza. Kwa kinyozi, kwa muuza nyama wa Bankstown, kwa Mama Furaha wetu wa Bukavu hapo nyumba ya pili. Jioni Mama Furaha huyo, na sufuria ya sombe, kisamvu chao, kubwa kama ya msibani, ananiita mjomba kwa Kifaransa chao. "Tonton Hamza! Mutoto alishapata? Ah, Mungu iko mukubwa!"

Nasra alisimama mlangoni na sare za kazi. Alingoja Mama Furaha atoke. Hajawahi kunipandishia sauti, Dada. Siku ile alinipandishia. "Huku kunyamaza ni hapana, Anko! Hapana! Mtu akinyamaza huku maana yake hakutaki!"

Nikasema, "Kwetu lakini..."

"Mama naye alinyamaza," akasema. "Siku zile za mwisho nilimuuliza ananisikia, akanyamaza. Ile nayo ilikuwa ndiyo?"

Mimi Hamza. Mimi ambaye nimewahi kuinyamazisha mahakama nzima, mimi ambaye kangaruu alinipisha njia. Nilifunika sombe, nikaingia chumbani kwako, nikakaa kwenye kitanda chako ambacho hakuna anayekikalia.

Simu ilipigwa siku ya tatu yake, mchana, tunakula hiyo hiyo sombe. Aliiona namba akatoka nayo nje mpaka kwenye kamba ya nguo. Nilimwona dirishani, mkono mmoja umeshika shuka lililoanikwa, anatingisha kichwa, anatingisha kichwa. Alirudi akasimama mbele yangu. Mtoto huyu, Anko asubuhi, Anko jioni, akanitazama akasema kwa Kiswahili:

"Mjomba. Posa imekubaliwa."

Nyumba haina mwanamke mwingine, Dada. Nani apige vigelegele? Nilipiga mimi. Nilipiga mpaka vikasikika Penrith, ng'ombe wakaacha kula. Mama Furaha alikuja mbio akidhani kuna maiti. Nikamwambia nilisema, sikusema? Walinyamaza, wameridhia! Nikaruka. Kisha nikamwona Nasra anaangalia kiti chako, nikashusha mkono mdomoni.

Sasa maboksi yako kwenye korido. Mtandio wa kijani kaukunja kauweka kwenye mkoba wa mkononi, hakutaka uende na maboksi.

Na mimi nina jambo. Siku zile ulipokuwa bado unaweza kusema, uliniambia, "Hamza, usimwache peke yake." Nikakuapia. Sasa anakwenda mahali ambapo hamjui mtu, na aliyemwandikia barua ni mimi. Nimelala na hilo, nimeamka nalo. Kwa watu natamba kwamba mji mzima umemuomba kwa magoti. Kwako siwezi kutamba. Kwako nataka ruhusa.

Dada, unaridhia mtoto aende?

Nimeweka kalamu chini, nimeangalia mlango wa jikoni. Jokofu linavuma, na wale kasuku juu ya bati la jirani wanapiga kelele. Si wewe.

Nitafanya hivi. Mwisho wa mwezi nitaendesha mpaka huko, na bakuli la kaimati kwenye kiti cha mbele limefungwa mkanda. Zangu hazivimbi kama zako, nitajifunza. Na nikitoka nitapita barabara ile ya hospitali, sizunguki tena. Na hadithi zangu nitazitoa nusu mwenyewe, maana mtoto huko atakuwa ananitegemea mimi kwa habari za nyumbani, na lazima ziwe za kuaminika. Hilo naahidi zima, usilipunguze.

Dada, unaridhia aende?

Yuko uani sasa hivi anaanua nguo. Anaimba kitu, sijui nini, cha kwao cha Kiingereza, lakini pumzi anavuta pale pale ulipokuwa unavuta wewe.

Mwanaidi binti Omari, dada yangu. Nakuuliza mara ya tatu, na mimi ndiye mshenga. Unaridhia?

...

Haya. Nitatoka nimwambie mama yake ameridhia.

Na kama ni kaimati tena, Dada, tafuna polepole. Nitakungoja.

Mdogo wako,
Hamza