Viti Vinane vya Isipingo

Yaya Noela, dada yangu uliye mbali nami,

Barua hii nitaibandika mlangoni mwa saluni iliyokuwa yako hapa Isipingo, ili waisome wote waliowahi kuketi humo nasi.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Ukitoka kanisani ulifungua saluni kwa hila moja: uliyeanza kumsuka hakuweza kuondoka kabla ya mjadala kwisha. Nami, mwanafunzi kutoka Kenya, nilisimama katikati ya Wakongo na Watanzania nikinguruma: "Mtu mweusi hatakuwa mgeni katika bara lake! Tutajenga shule zetu, zahanati zetu, ushirika wetu!" Nawe, kitana mkononi, ukanikatiza: "Mdogo wangu, keti kwanza. Hata robot ya njiani, ile taa nyekundu, inasimamishaka motokari. Wewe unasimamaka lini?" Walicheka hadi nikacheka.

Siku nilipowasomea azimio letu, kurasa tisa juu ya mustakabali wa jamii za watu weusi wa mji huu, wote walishangilia isipokuwa wewe. Ulikuwa ukitazama nje ya dirisha, alipoketi MaDlamini, mama wa Kizulu, akiuza nyanya na mchicha.

"Umeandika 'sisi' mara mingi," ulisema. "Huyu mama, iko wapi ndani?"

Nilighadhibika. Nikakujibu kwamba watu wake ndio wanaotuambia turudi kwetu.

"Na yeye, ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Miaka mitatu nilinunua mchicha wake, na sikuwahi kumuuliza lolote ila bei.

Kisha hati zenu za kuhamia ng'ambo zikafika, ukaondoka na watoto kabla sijakiri kosa langu. Wenzetu wakapungua mmoja mmoja: huyu kahamia mtaa wa Overport, yule anaogopa kuonekana mkutanoni. Siku hizi nakaa chumbani mtaani Berea nikijihutubia mwenyewe, na sauti yangu imeanza kunichosha.

Jumapili iliyopita nilimwomba mmiliki mpya ufunguo, nikapanga viti vyetu vinane, nikangoja. Hakuja mtu. Alasiri nikatoka, nikamkaribisha MaDlamini ndani asikie azimio lililotokana na mazungumzo yetu ya Jumapili.

"Eish, mwanangu!" alishangaa, kisha akaendelea kwa Kizulu. "Kumbe mlikuwa mkizungumza? Mimi nilidhani mnasali. Kila Jumapili nawanyamazisha wachuuzi wenzangu, nawaambia, acheni makelele, watoto wa watu wanamwomba Mungu."

Yaya, tulikuwa ndani tukiandika jinsi ya kulindana, naye alikuwa nje akitulinda.

Aliingia na kreti lake la nyanya, akalikalia, ingawa viti vyote vilikuwa vitupu. "Haya," akasema, "nisomee."

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Nikageuka kukutafuta kando ya kioo, kama nilivyozoea, nikaona kitana cha mtu mwingine. Basi nikayakunja makaratasi, nikamwomba aanze yeye kuzungumza.

Nikaketi, Yaya. Ungekuwepo ungeniona nimeketi.

Baridi ya huko isikushinde. Wabusu watoto.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwacha amesimama.